Kisanduku cha Swali la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku nne wafike wageni wa kutukagua kwa ajili ya cheti cha usalama. Hospitali nzima inanuka rangi mbichi na dawa ya kuua vijidudu. Hata chai ya chumba cha madaktari ina ladha ya ukuta. Mkurugenzi amenipongeza mara mbili kwenye korido, kwa sauti ya kusikiwa na watu. Kamati yangu ya kuzuia maambukizi inatarajiwa kutangazwa kuwa mfano wa kuigwa. Mfano wa kuigwa! Naliandika hapa ili nilicheke baadaye, nikishakuwa na haki ya kucheka.

Asubuhi nilikamilisha fomu mpya ya watumishi waliokaribiana na mgonjwa wa kuambukiza. Maswali kumi na mawili. La saba ndilo roho ya fomu: "Je, ulimgusa mgonjwa bila glavu?" Visanduku viwili tu: Ndiyo, Hapana. Sista wa Wodi ya Pili, ambaye alianza uuguzi mimi nikiwa bado nakariri jedwali la kuzidisha, aliuliza kwa upole kama hakihitajiki kisanduku cha tatu, cha "Sikumbuki". Nilimjibu kwamba "Sikumbuki" ni kichaka cha wavivu. Anayeijua kazi yake anakumbuka mikono yake ilikuwa wapi. Akasema, "Sawa, Daktari." Ana namna yake ya kusema sawa — kama mtu anayetoka chumbani bila kufunga mlango.

Utaratibu wa kabati nao unaendelea. Tangu Januari glavu zote zinakaa ofisini kwangu, ghorofa ya pili, chini ya kufuli. Zilikuwa zimeota miguu: nyingine zilikwenda kupaka watu nywele rangi, nyingine kuparua samaki, na siku moja watoto wa mpishi walionekana wakipuliza tano kama maputo. Sasa anayetaka anapanda ngazi, anasaini daftari: jina, saa, jozi ngapi. Hata mimi nasaini. Najua wananiita Mama Funguo. Sikuudhika. Yako majina mabaya zaidi, na baadhi yake nimeyasikia.

Mchana aliletwa kinyozi mmoja, miaka thelathini na kitu, ana homa na vipele usoni na kifuani. Mcheshi. Alisema watoto wa jirani yake wote wana tetekuwanga na yeye huwanyoa bure, "kwa hiyo, Dokta, hii ndiyo asante yao." Niliangalia, nikaandika: tetekuwanga. Nayo huambukiza, najua, lakini chumba cha kutengwa kimejaa viti vya sherehe. Basi Wodi ya Pili, kitanda cha dirishani, dirisha wazi, pazia katikati. Wenzake watano wa upande huo waliapa kwamba waliugua tetekuwanga utotoni. Mmoja aliapa mara mbili.

Mkurugenzi alinipigia simu mara tatu wakati wa raundi. Mapazia.

Jioni, nyumbani. Mdogo wangu na tumbo lake la miezi saba, miguu imevimba kama mikate. Tangu shemeji aende kazi ya mbali anakaa kwangu hadi ajifungue, na kila jioni namkanda miguu kwa mafuta. Anasema mimi ndiye daktari wa kwanza kumwona akifanya kazi bila kuandika chochote.

Jumanne, 4 Machi

Mapazia: bluu au kijani? Kikao cha dakika arobaini. Kijani.

Kinyozi bado ana homa. Sikufika kitandani kwake, nilipita mlangoni. Alinipungia mkono. Nami nikampungia.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kwa utaratibu, kwa sababu kichwani hakuna utaratibu.

Saa nne kasoro asubuhi Sista alinivuta hadi kwenye kona ya mashuka. "Daktari, mimi si mtaalamu," alianza — nimejifunza kuogopa sentensi zinazoanza hivyo. "Lakini tetekuwanga ninayoijua mimi huja kama watu wa msibani, kila mmoja na saa yake. Kuna cha leo, cha jana, kingine kimeshakauka. Hivi vya huyu kijana ni rika moja. Vimeingia jando pamoja. Na vipo viganjani, Daktari. Na kwenye nyayo."

Nilipanda ngazi, nikafungua kabati, nikasaini, nikashuka. Dakika sita. (Kwa mara ya kwanza nilizipima.) Sista alikuwa sahihi. Vipele vigumu, vimezama kwenye ngozi, vyote vimeiva kwa pamoja, kila kimoja kina kishimo katikati kama kitovu. Halafu tezi. Chini ya taya, shingoni, kwenye kinena: mitoki ya kuhesabika kwa kidole, mingine mikubwa kama kokwa. Tetekuwanga haiji na tezi za namna hii. Mpox, homa ya nyani, huja nazo. Hilo nimelifundisha mwenyewe, mara tatu, kwa picha za rangi.

Jumanne alinipungia mkono. Kiganja kikiwa wazi, mita tano kutoka kwangu.

Sampuli tulichukua kama inavyotakiwa: kijiti cha pamba, kusugua kipele kwa nguvu, bila sindano wala wembe, maana wauguzi wengi wamejiambukiza kwa kutumbua. Vijiti viwili, sanduku la baridi, dereva, maabara. Kisha viti sitini vilitolewa chumba cha kutengwa ili mgonjwa aingie. Kinyozi aliviangalia vikipita akauliza kama vyote hivyo ni vya wageni wake.

Wenzake watano tumewaambia. Yule aliyeapa mara mbili ameapa tena, safari hii kwamba hakuapa.

Yote hayo si kitu. Mchana nilifungua faili lake, ukurasa wa Jumatatu. Mwandiko wangu, wino wangu: "Tezi: hazijavimba."

Tezi hazivimbi hadi kufikia ukubwa wa kokwa kwa siku tatu. Pengine huvimba. Sina uhakika, lakini Jumatatu alikuwa na homa ya siku nne tayari, na mitoki ya mpox huanza na homa. Basi zilikuwepo. Na daftari la kabati halina saini yangu siku ile. Sikuvaa glavu. Kwa hiyo mambo ni mawili. Ama nilimpapasa shingo kwa mikono mitupu, nikashindwa kuhisi kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa tatu angekihisi. Ama sikumgusa kabisa, nikaandika tu kile ambacho mkono umezoea kuandika, kama tunavyoandika wote saa mbaya zikifika.

Ama ni daktari mbovu aliyejianika kwenye ugonjwa, ama ni daktari mwongo aliye salama.

Nimekaa nayo mchana kutwa. Sikumbuki. Nakumbuka vipele, nakumbuka mzaha wa asante. Mikono yangu sikumbuki ilikuwa wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Cheti tumepata.

Mkurugenzi aliniita kabla wageni hawajafika. "Mpaka maabara iseme, Daktari, huo ni upele. Upele tu. Upele haujawahi kumnyima mtu cheti." Nilisema mwongozo unataka mgonjwa anayeshukiwa ahesabiwe kama mgonjwa. Akasema mwongozo niliuandika mimi, kwa hiyo nina uwezo wa kuutafsiri. Nilibishana. Nadhani nilibishana. Nikisoma nilichokiandika hivi sasa, naona nilisema sentensi moja kisha nikanyamaza.

Mlango wa chumba cha kutengwa ulibandikwa karatasi: STOO. Wageni walipita na daftari zao. Mmoja, mama mwenye miwani, aliuliza hapa kuna nini. "Stoo ya vifaa," akajibu Mkurugenzi. Stoo ikakohoa. Mkurugenzi akakohoa naye, kwa heshima, na msafara ukaendelea.

Nilihutubia dakika kumi: "Mikono Salama, Hospitali Salama." Makofi. Kisha mgeni wa heshima alipita kwenye mstari akitushika mikono mmoja mmoja, watu thelathini na wawili, kwa uchangamfu mkubwa. Hakuna aliyekumbuka kitakasa mikono. Chupa zilikuwa mezani, zimefungwa utepe wa kijani ulingane na mapazia. Zamu yangu ilipofika nilikunja mikono kifuani nikainama kidogo. Nadhani alinichukulia kuwa mcha Mungu.

Sista hayumo kwenye picha. Alikuwa stoo, amevaa gauni, barakoa na glavu, anambadilisha mgonjwa shuka. Anasema alilikunja taratibu, ndani kwa ndani, bila kulikung'uta, akalifunga mfukoni humo humo chumbani. Wafuaji wetu wa nguo hawajui kwa nini shuka lisikung'utwe. Hawakualikwa kwenye mafunzo yangu. Niliandika "watumishi wa tiba".

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya nyumbani. Nilipiga pasi. Kuna alama ndogo nyekundu kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Pasi, bila shaka.

Mdogo wangu ametaka cheti kitundikwe sebuleni. Nikamwambia ni cha hospitali. "Basi tundika kidole chako, ndicho kilichofanya kazi." Alikuwa anazungumzia jinsi ninavyomkanda. Nilimkanda miguu. Mtoto alipiga teke, mdogo wangu akauchukua mkono wangu akauweka tumboni. Tukasubiri. Akapiga tena, pale pale chini ya kiganja.

"Anakusalimia, mama mkubwa."

Jumapili, 9 Machi

Maabara walipiga saa nne asubuhi. Ni mpox.

Nilisema asante, nikauliza namba ya sampuli, nikaiandika, nikairudia. Utaratibu ni kitu kizuri. Unampa mtu la kufanya wakati moyo unatafuta pa kukaa.

Kisha nilifanya hesabu ya daktari. Asiye na dalili, kwa tunavyojua, ni vigumu kuambukiza. Anayehisiwa kukaribiana na mgonjwa huangaliwa siku ishirini na moja, hupimwa joto asubuhi na jioni, si lazima afungiwe. Mimi sina dalili. Kwa hiyo mdogo wangu hana la kuogopa. Hesabu imekaa sawa. Mimi ndiye niliyeifanya, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kwa mjamzito ugonjwa huu hauna mzaha. Mimba huharibika. Watoto huzaliwa wakiwa wamekufa. Sitaandika zaidi.

Nilimwambia, kwa sauti niliyoidhania ya kawaida. Kwamba kuna mgonjwa. Kwamba ni tahadhari tu. Kwamba nahamia chumba cha nyuma, taulo zangu mbali, sahani zangu mbali.

"Ulimgusa?"

"Sijui."

Alicheka. "Dada, wewe! Wewe unayekumbuka nilivyovunja kikombe cha bibi nikiwa na miaka minne!"

"Ilikuwa sahani."

"Unaona?"

Jioni aliniita nimkande. Nilivaa glavu — nilizisaini, ndiyo, jozi mbili. Nikamshika kisigino. Akauvuta mguu. "Unanishika kama samaki aliyeoza. Acha. Miguu yenyewe imekasirika." Nikaacha. Kisha akauliza polepole, bila mzaha: "Na siku zile nyingine zote?"

Nilisema sikuwa na dalili. Ni kweli. Ni kweli kwa kadiri ninavyojua.

Jumatatu, 10 Machi

Leo fomu yangu imezaliwa rasmi. Watumishi ishirini na watatu walipita Wodi ya Pili kati ya Jumatatu na Alhamisi. Wote wamejaza. Swali la saba, wote ishirini na watatu: Hapana. Hakuna aliyemgusa mgonjwa bila glavu. Mikono salama, hospitali salama.

Halafu nikafungua daftari la kabati. Tangu Jumatatu hadi Jumatano, Wodi ya Pili nzima imechukua jozi mbili. Zote mbili kwa saini ya Sista.

Yaani nimejenga mtambo mzuri sana. Daftari moja linathibitisha kwamba hawakuvaa glavu kwa sababu nilizifungia. Fomu moja inathibitisha kwamba wanaogopa kusema. Ukiziweka pamoja unapata ukweli wote, na hakuna hata mmoja aliyeusema.

Mmoja wa wauguzi vijana aliniletea fomu yake akiishika kwa ncha za vidole. Nilimuuliza, bila ukali, kama alimpima mgonjwa mapigo ya moyo Jumanne. Alisema ndiyo. Kwa glavu? Akaangalia viatu vyake. "Daktari, ngazi zile mpaka juu, halafu uwe hupo, halafu nishuke... na wagonjwa kumi na nane." Kisha, haraka: "Lakini nimeandika Hapana." Kama mtu anayenihakikishia kwamba amenitunzia siri.

Nimeamuru glavu zirudi wodini, boksi kila kitanda. Kabati liko wazi. Kufuli nalitumia kugandamizia karatasi mezani. Nimewaomba warudie fomu, nikawaambia hakuna atakayeadhibiwa. Wamenisikiliza kwa adabu ya watu waliowahi kuambiwa hivyo.

Wafuaji wa nguo nimewafundisha mchana, nusu saa, kwa mikono. Mkuu wao alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa mama, hayo mashuka ya tangu Jumatatu ambayo tumeyakung'uta?" Nikamwongeza kwenye orodha, yeye na wenzake wanne.

Fomu yangu iko kwenye droo. Nitaijaza kesho.

Jumanne, 11 Machi

Sikuijaza.

Kichwa kinauma. Uchovu. Joto asubuhi 36.9, jioni 37.4. Ni mapema mno kusema lolote.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kwa shahidi wa pekee.

Anaendelea vizuri. Vipele vimeanza kukauka, magamba bado. Hatatoka hadi yote yadondoke na ngozi mpya itokee. Nilivaa kila kitu: gauni, barakoa, miwani, glavu. Alinitazama nikiingia.

"Leo Dokta umevaa kama unakwenda mwezini. Siku ile ulikuja kama binadamu."

Nilikaa. Nikamwuliza kama anaikumbuka siku ile. Anaikumbuka. Je, nilimgusa?

"Umesahau?" Alinyanyua kidevu kama mteja kitini. "Hapa. Chini ya taya, pande zote mbili. Vidole vya baridi. Mimi kinyozi, Dokta, kutwa nashinda kwenye shingo za watu, mkono naujua. Ulinishika huku unaongea na simu. Ulimwambia mtu, 'Bluu, bluu tu, tumalize.'"

Jumatatu nilikuwa bado upande wa bluu.

"Ndipo nikatulia," akaendelea. "Wengine wote walinisemesha toka mlangoni. Nikasema, daktari anayekushika shingo huku anagombania rangi, huyo hana wasiwasi nawe. Sifi mimi." Akacheka, kisha akajikuna, nikamkataza. "Nimewaambia na wenzangu wodini: yule mama watu wanamsema, lakini ana mkono."

Sifa kubwa kuliko cheti. Na kila neno lake ni ushahidi dhidi yangu.

Bado natafuta ufa. Simu aliisikia, hilo halina ubishi. Lakini mtu mwenye homa kali anaweza kusikia simu akaongeza mkono. Wagonjwa hukumbuka wema ambao hawakutendewa. Nimesoma tafiti. Nimewahi kuwataja watafiti hao kwa majina, mbele ya watu, ili kumnyamazisha muuguzi mmoja aliyesema mgonjwa wake anakumbuka tofauti na faili. Faili, nilisema, halina homa.

Faili linasema nilimpima tezi. Mgonjwa anasema nilimpima tezi. Ni mimi peke yangu, mwenye shahada mbili, ninayeomba niwe mwongo.

Alhamisi, 13 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, 38.3.

Alama ya pasi si ya pasi. Imenyanyuka, ngumu, na katikati kuna kishimo. Nimeitazama kwa lenzi, halafu bila lenzi, halafu dirishani. Nilijaribu hata kuikumbuka pasi: nilipiga pasi nini Jumamosi? Gauni la mdogo wangu, mashati mawili. Niliungua lini? Sikumbuki kuungua. Tazama jinsi nilivyokuwa na uhakika bila kukumbuka, kwa kuwa ilinifaa.

Nilijipapasa shingo. Kwa makini, safari hii. Kulia chini ya taya, ziko mbili. Kwapani moja.

Jumamosi ilikuwepo. Nyekundu, ndogo, lakini ilikuwepo. Nikamkanda miguu kwa mkono huo huo, kwa mafuta, nusu saa, katikati ya vidole vyake. Nikamwekea kiganja tumboni. Hesabu yangu ya Jumapili ilisimama juu ya sentensi moja: "Mimi sina dalili." Sentensi hiyo ilikuwa na siku moja ya uongo ndani yake.

Nilimwambia mlango ukiwa umefungwa kati yetu. Nilisikia kiti kikisogea.

"Nifungulie nikuone."

"Hapana."

"Dada."

"Mimi ndiye ninayetoka. Wewe kaa. Sista atakuja kukupima joto asubuhi na jioni, siku ishirini na moja. Ukiona kitu, chochote, hata kama unadhani ni mbu—"

"Au pasi," alisema.

Sikuwa nimemsimulia habari ya pasi. Basi aliiona Jumamosi. Aliiona, akanyamaza, kwa kuwa mimi ndiye daktari.

Kisha, kwa sauti ile ya tangu utoto, anayoitumia akitaka nisiogope: "Nenda, Mama Funguo. Funga vizuri." Sijui nani kamwambia jina hilo.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Mashuka yangu nimeyafunga kwenye mfuko. Sikuyakung'uta.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba cha kutengwa. Kinyozi amehamishiwa upande wa pili wa pazia — la kijani, naliona vizuri sana sasa. Mlangoni bado kuna alama za gundi palipokuwa na STOO.

Kwanza, neno kwa daftari hili. Mwongozo wangu, ukurasa wa kumi na moja, unasema vitu vya karatasi haviwezi kutakaswa. Vinachomwa pamoja na taka. Kwa hiyo naandika bure. Ninaandika hata hivyo. Pengine ndiyo maana leo kalamu haisiti.

Sista ndiye aliyenichukua sampuli. Alisugua kwa nguvu, niliumia, hakuomba radhi, nami nikaheshimu hilo. Alipomaliza alitaja kila hatua kwa sauti, kama nilivyoagiza wafanye, akivua glavu moja kisha nyingine, akinawa, akihesabu sekunde. Hakuna aliyewahi kuufuata mwongozo wangu kwa ukamilifu namna ile. Kumbe unachukua muda mrefu hivi. Kumbe unaogopesha hivi, ukiwa umelala.

"Umefika, Dokta?" sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Nimefika."

"Karibu. Dirisha ni langu, tulishakubaliana na Sista."

Majibu ni kesho au Jumapili. Joto 38.6. Vipya viwili kwenye mkono, kimoja kidevuni.

Mdogo wangu: asubuhi 36.7, jioni 36.8. Hana kipele. Sista alimkagua mwili mzima, nyayo pia, kati ya kidole na kidole. Mtoto anacheza. Ndivyo alivyosema Sista, "anacheza", na nikamwuliza alijuaje, alimgusa? Akanyoosha mikono yake mbele yangu. "Kwa glavu, Daktari. Swali la saba."

Kisha akatoa fomu. Ubao wa kuandikia, kalamu, maswali kumi na mawili. Alisimama kando ya kitanda, ananisubiri, kama nilivyosimama juu ya wengine.

Moja hadi sita, upesi. La saba.

Nilikaa nalo. Mashahidi wawili na kidole kimoja wanasema ndiyo. Kumbukumbu yangu bado haisemi kitu. Nimeisaka kila pembe, hamna shingo humo, hamna vidole vya baridi, mna bluu tu.

"Nikuchoree cha tatu?" Sista aliuliza. Kwa macho tu sikuweza kujua kama anatania.

"Hapana. Viwili vinatosha."

Niliweka alama kwenye Ndiyo. Sikujisikia mkweli. Nilijisikia kama mtu aliyesaini kupokea mzigo ambao hajaufungua.

"Wale ishirini na watatu wamerudia," alisema, akiangalia juu ya bega langu. "Kumi na tisa ni Ndiyo. Walisema wanasubiri kuona ya kwako kwanza. Nikawaambia unaijaza leo." Yaani aliwaambia kabla sijaijaza.

Nane, upesi. Swali la tisa: "Orodhesha watu wote unaoishi nao." Mistari mitatu, ina namba. Niliiweka mitatu kwa kubahatisha. Kwenye namba moja nimeandika jina la mdogo wangu, uhusiano, umri, wiki za ujauzito. Kalamu ikasogea yenyewe hadi namba mbili, ikasimama.

Yule aliyenisalimia Jumamosi, chini ya kiganja hiki. Je, naishi naye? Nilimwuliza Sista kama fomu inamhesabu. Nilimwuliza mimi, niliyeitunga.

Barakoa yake ilipanda ikashuka. Nyuma ya pazia kinyozi naye alikuwa ameacha kujigeuza kitandani.

"Mstari upo, Daktari," alisema. "Andika."

Nimeandika: mtoto wa mdogo wangu. Umri: miezi saba, bado. Safu inayofuata inauliza tarehe ya mwisho ya kukaribiana na mgonjwa, na jinsi. Tarehe naijua. Nimeandika Jumamosi, 8 Machi. Jinsi: kwa mkono wa kulia, bila